Posa Kutoka Ndani ya Helmeti

Fortunata akikutazama, hakutazami usoni. Anaanza mabegani, anashuka kifuani, anafika kiunoni, na kabla hujamaliza kumsalimia keshajua nguo yako ipunguzwe wapi. Nimekaa naye chumba kimoja mtaa wa Al Twar miaka mitatu na sijawahi kuvaa gauni mbele yake bila kuamriwa nisimame wima. Hata asubuhi ya Idi, badala ya kunipa mkono, alinijia na pini mdomoni. Nilimpenda hivyo hivyo, na bado nampenda, ingawa Agosti mwaka jana kulikuwa na siku tatu ambazo nusura anitoe roho.

Kwao ni Mahenge, mkoani Morogoro, na cherehani alifundishwa na masista wa misheni. Hapa Dubai alianzia Naif, kwenye kiduka cha kurekebisha mabaibui kilichobanwa katikati ya wasafirishaji wa mizigo, mahali ambapo ukinyoosha mkono unamgusa mteja wa duka la pili. Siku moja akasikia kwamba kituo fulani cha mafunzo ya marubani wa helikopta kinatafuta mtu wa kushona na kutunza mavazi ya kurukia. Akaenda. Wakampa glavu iliyochanika kidole wakamwambia aishone, mshono usionekane. Akaishona, kisha akaokota na ya pili ambayo hakuna aliyemwambia, akaishona nayo kwa sababu ilikuwa inamkera. Khalas, akaajiriwa. Mwaka uliofuata akaniingiza na mimi, jikoni. Kazi yangu ni chai, kahawa na maji, na kwa kuwa mwenye birika hafungiwi mlango, hakuna kilichotokea pale ambacho mimi Joha sikukiona.

Kazi ya Fortunata haikuishia kwenye sindano. Yeye ndiye aliyewavisha marubani. Usicheke, mavazi yale mtu hawezi kuyavaa peke yake. Kuna nguo ya ndani isiyoshika moto, halafu ovaroli nzito, halafu suti ya mpira ya kuzuia maji ambayo shingoni na mikononi inabana hadi mtu anatoa macho, halafu fulana ya vifaa yenye boya, redio, taa na kisu, halafu buti, glavu na helmeti. Ukipima vyote ni kilo kumi na nane. Rubani akishavishwa hawezi kuinama kujikuna goti. Anatembea amepanua mikono, na Fortunata anamfuata nyuma kama mama anayemtoa mtoto kisimani.

Miongoni mwa waliovishwa alikuwepo Kapteni Gerishom, Mkenya wa Chavakali, rubani wa helikopta za uokoaji. Mrefu, shingo nene, mkimya kupita kiasi. Nyumba ingekuwa inaungua, Gerishom angesema kuna kamoshi kadogo. Kila siku alifika dakika kumi kabla ya wenzake, na kila wiki, bila kukosa, kifungo chake kimoja kilikuwa kimekatika.

"Imetoka tena, dada Fortunata," alikuwa akisema, huku ameshika kifungo kiganjani.

"Lete, Kapteni," Fortunata alijibu, na kushona kifungo kimoja kukawachukua robo saa nzima.

Siku moja niliuchunguza ule uzi. Ulikuwa umekatwa kwa mkasi, tena umekatwa vizuri. Miaka miwili mtu mzima, mwenye leseni ya kurusha chombo angani, anakata vifungo vyake mwenyewe ili ashonewe, na hasemi neno! Na huyu mwingine anashona, anajua, naye hasemi neno! Mimi mtu wa Tanga, mambo hayo yalinipandisha presha. Niliwapelekea chai ya iliki, niliwapelekea chai ya tangawizi, mara moja niliufunga mlango nikawaacha humo nusu saa. Nilipofungua, walikuwa wanazungumzia zipu.

Basi mwezi ule wa Agosti mkataba wa Fortunata ulikuwa unaisha. Tikiti ya kwenda nyumbani ilikuwa tayari, ya Jumapili, na yeye alikuwa na nia ya kufungua chumba chake cha ushonaji Mahenge. Nikamuuliza tukiwa tunakunja nguo, "Na Gerishom?"

"Akisema, nabaki. Asiposema, naondoka."

"Mwambie wewe basi!"

"Joha, shoga yangu, yule mtu nimemvisha mara mia tatu. Najua upana wa mabega yake, najua unyayo wake wa kulia ni mkubwa kuliko wa kushoto. Kitu kimoja tu sikijui, na hicho nataka akitoe mwenyewe."

Nilimwona amekaza uso, nikajua hakuna wa kumbembeleza. Zilibaki siku sita.

Sasa wiki hiyo hiyo ndiyo aliyofika Dokta Mawadda, mwanamke Msudani wa Omdurman, mwembamba, mwenye sauti ya upole na kalamu nne mfukoni. Yeye anachunguza joto linavyomfanya mtu. Wakubwa walitaka marubani wao wote, wa bahari za baridi na wa huku kwetu, wavae vazi la aina moja, lile la kilo kumi na nane, majira yote ya mwaka. Marubani wa huku walinung'unika chinichini. Dokta aliletwa apime: mtu akivaa hivyo ndani ya chumba cha helikopta kilichoanikwa juani Agosti, anarusha vilevile au anarusha ovyo?

Kituoni kulikuwa na helikopta ya mazoezi, yaani kichwa cha helikopta kisicho na mkia, kimezungukwa na skrini kubwa. Ukikaa ndani unaona milima na barabara na unaapa unaruka. Walikipasha chumba kile hadi nyuzi arobaini na tatu. Kiswahili kimezifanya nyuzi za cherehani na nyuzi za joto kuwa neno moja, na Fortunata ndiye mtu pekee niliyepata kumjua ambaye kazi yake ilikuwa na zote mbili. Kila rubani angeruka mara mbili: siku moja na vazi lote ndani ya joto, siku nyingine na shati jepesi ndani ya ubaridi, safari ile ile, kutoka mjini hadi Hatta kwenye bwawa, na kurudi. Makosa yangehesabiwa, yakalinganishwa. Gerishom alipangiwa Jumanne na Alhamisi.

Dokta alikuwa na imani moja. Aliamini kwamba mtu husema kweli kuhusu mwili wake kwa lugha ya nyumbani. Kwa hiyo Jumatatu alimwendea Fortunata akiwa na karatasi. "Madam," akamwambia, kwa heshima iliyotufanya tutazamane, "niandikie kwa Kiswahili namna ya kumuuliza mtu hali yake. Nitamuuliza kila baada ya dakika kumi. Akisema ni mbaya, nasimamisha. Akisema ni nzuri, naendelea, ila joto la mwili likifika thelathini na tisa nasimamisha hata akikataa."

Fortunata akafurahi kuombwa. Akaandika kwa herufi kubwa nzuri: HABARI YAKO, KAPTENI? Dokta akaikariri jioni nzima. Mimi mwenyewe nilimsaidia matamshi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kosa, na tulikuwa watu wazima wawili, mmoja Mahenge, mmoja Tanga.

Jumanne asubuhi Gerishom alimezeshwa kidonge chenye kipimajoto ndani yake, ambacho kikiwa tumboni kinatuma habari kwenye kompyuta. Nilimpelekea maji ya kukimezea. Akakitazama, akasema, "Sasa hii nayo," kisha akakimeza. Fortunata akamvisha. Alipofika kwenye mpira wa shingo akasimama juu ya kigoda, akauvuta kwa vidole vyote kumi, na kwa sekunde kadhaa pua zao zilikuwa karibu kugusana. Nikasubiri. Gerishom akasema, "Inabana kiasi." Nusura nimmwagie birika.

Akaingizwa ndani. Sisi tukabaki nje ya kioo: Dokta na kompyuta yake, Fortunata, mimi na trei yangu, na Henry, fundi wa mitambo, Mganda mnene mwenye cheko, ambaye ndiye aliyeendesha skrini na kuigiza sauti ya mnara wa kuongozea ndege.

Robo saa ya kwanza ilikuwa raha tupu kutazama. Helikopta ilienda sawasawa utadhani imewekwa kwenye reli. Dokta akabonyeza kitufe akasoma kwa makini, "Habari yako, Kapteni?"

"Mzuri sana," ikatoka sauti.

Wakenya husema mzuri mahali pa nzuri, nami nimechoka kuwasahihisha. Dokta akatutazama. Tukamtikisia kichwa: nzuri. Akaandika.

Dakika ya ishirini jasho likaanza kumtiririka usoni, na halikuwa na pa kwenda, maana suti ile haiingizi maji wala haitoi. Kioo cha helmeti kikafanya ukungu. Akataka kubadilisha masafa ya redio, na kile kidole kinene cha glavu kikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akajikuta anasikiliza mlio mtupu. Akarekebisha. Akabonyeza viwili tena.

"Habari yako, Kapteni?"

"Mzuri, mzuri."

Dakika ya thelathini na tano Henry alimwita kwa sauti ya mnara, akamwita tena, akamwita mara ya tatu. Kimya. Halafu tukasikia wimbo. Gerishom, ambaye hata sikukuu ya kuzaliwa kwake alikataa kuimba, alikuwa anaimba tenzi za kanisani kwao, sauti ya nne, tena anapiga paja kwa glavu. Henry akaanza kucheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Lilikuwa jambo la kuchekesha sana, dubwana zima la mpira na helmeti linayumba kwa furaha, huku helikopta inashuka taratibu futi mia tatu chini ya pale ilipotakiwa kuwa.

"Nyabo, mama, hii ndege inapotea," Henry akamwambia Dokta, akifuta machozi. "Bwawa ya Hatta amelipita. Anaenda Oman."

Dokta akaitazama kompyuta. Thelathini na nane nukta sita. "Habari yako, Kapteni?"

"Mzuri kabisa! Mungu ni mwema!"

"Anasema ni nzuri kabisa," Dokta akasema, akashangaa, akaandika. "Huyu mtu ana mwili wa ajabu. Vazi hili halimsumbui."

Hapo ndipo kicheko kilipokatika kooni mwangu. Nikakumbuka siku mjomba wangu alipofariki. Jirani alikuja akapiga hodi, akauliza habari za hapa, na mke wa mjomba, macho yamevimba, akajibu, "Nzuri, ila tumefiwa." Huyo alikuwa mjane wa siku ile ile! Sisi tumezaliwa hivyo. Ukiniuliza habari yangu mguu wangu ukiwa mdomoni mwa fisi, nitakwambia nzuri, halafu nitakuomba unisaidie kumfukuza fisi. Habari si swali. Ni mlango wa kuingilia maneno.

"Fortu!" nikapiga kelele, trei ikagonga meza. "Umemwandikia salamu! Umemwandikia Dokta salamu!"

Fortunata akanitazama kama nimerukwa na akili. Kisha nikaona uso wake unabadilika. "Yesu na Maria," akasema. "Hata akifa atajibu nzuri."

Hakusubiri ruhusa. Alimsogeza Dokta kwa nyonga, akabonyeza kitufe, na sauti yake ikaingia moja kwa moja ndani ya helmeti.

"Gerishom!" Hakuna cha Kapteni. "Acha kuimba. Sikusalimii, nakuuliza. Unasikia nini mwilini? Niambie kimoja kimoja."

Helikopta ikayumba juu ya milima ya watu.

"Ni wewe, Fortunata?"

"Ni mimi. Unasikia nini?"

"Naskia joto," akasema, polepole kama mtoto anayehesabu. "Naskia kiu. Naskia hii miguu si yangu. Naskia kichwa inacheka na mimi sijaiambia icheke. Naskia mlima iko pande mbili." Akavuta pumzi. "Na naskia kukuoa, Fortunata. Hiyo ndiyo naskia sana kuliko yote. Utakubali ama?"

Basi, ndugu msomaji, mimi nilikaa chini. Sakafuni, kando ya vikombe. Henry aliweka mikono yote miwili kichwani. Fortunata alibaki ameshika kitufe, mdomo wazi, na masikio yakawa mekundu hata kwa weusi wake ule mzuri.

"Amesema nini?" Dokta akauliza. "Ana maumivu?"

Fortunata hakuweza. Nikamtafsiria mimi, kwa Kiarabu changu cha jikoni: joto, kiu, miguu, kichwa, milima miwili, na ndoa. Dokta akaitazama kompyuta, thelathini na nane nukta tisa, akapiga kofi mezani. "Yalla! Mtoeni! Sasa hivi!"

Hapo kila mtu akakimbia. Henry alizima mitambo, mlango ukafunguliwa, moto ukatupiga usoni, tukamvuta nje mtu wa kilo mia na kumi pamoja na zile kumi na nane za mavazi. Helmeti ikatoka, mvuke ukafuka. Henry na mimi tulimmwagia maji ya barafu kichwani na kwapani, na Fortunata alikuwa miguuni, amempa mgongo, ameukumbatia mguu wake wa kulia kwa kwapa lake, anavuta buti lililogoma. Midomo yake ilikuwa inatembea. Nilidhani anasali. Gerishom alikuwa anatabasamu kwenye dari.

Baada ya saa moja, joto lake liliposhuka hadi thelathini na saba, Dokta alikaa naye na fomu. Tulikuwepo sote. "Kapteni," akamuuliza, "nitajie makosa yote unayokumbuka kuyafanya."

Gerishom akarudi kuwa Gerishom. Akafikiri, akanyanyua vidole. "Nilibonyeza redio vibaya. Sikujibu mnara. Nilishuka chini ya kimo. Nilipita bwawa." Akashusha mkono. "Ni hayo."

"Hakuna jingine?"

"Hakuna."

Dokta akaandika: makosa matano, mhusika anakumbuka manne. La tano kwake lilikuwa ile posa. Kisha akamvuta Fortunata pembeni, nami nikawafuata na chai ambayo hakuna aliyeiomba. "Madam, usiumie," akamwambia. "Ndivyo joto linavyofanya. Linaondoa umakini kwanza, halafu linaondoa haya, halafu linafuta kumbukumbu. Na mwenyewe hajui, ndiyo hatari yake. Mtu mwenye thelathini na nane nukta tisa usimshike kwa neno lake. Ni kama kumshika mgonjwa wa malaria kwa ndoto zake."

Alisema kwa wema, na kila neno lilikuwa kofi. Fortunata akaitikia, "Nimeelewa, dokta." Akaenda akaiosha ile suti ya mpira, akaitundika, akaanza kuhesabu viango vya nguo kwa ajili ya kukabidhi stoo.

Jumatano Gerishom hakufika mapema. Alipofika, vifungo vyake vyote vilikuwepo. Aliniamkia, akamwamkia na Fortunata kwa mbali, macho chini, akapita. Mimi nilitaka kumfuata nimwambie alichokisema, lakini Fortunata alinikamata mkono hadi ukaniuma. "Usimwambie! Nitakuwa mwanamke aliyeposwa na homa. Niache niondoke na heshima yangu." Jioni akafunga sanduku. Alikunja kila kitu sawasawa, pembe kwa pembe, na alikuwa analia bila sauti huku anakunja. Nililia na mimi, tena mimi kwa sauti.

Ikaja Alhamisi, safari ya ubaridi. Chumba nyuzi ishirini na mbili. Gerishom alivaa shati jepesi na suruali, hakukuwa na wa kumvisha, Fortunata alikuwepo kwa sababu tu kanuni inadai mtunza mavazi awepo. Swali nalo lilishabadilishwa. Dokta alijifunza upya.

"Unasikia nini mwilini, Kapteni?"

"Naskia sawa. Baridi kidogo mikononi."

Akaruka, na Mungu ni shahidi wangu, sijaona kazi safi namna ile. Redio akaigusa kwa ncha ya kidole. Mnara ulipoita, alijibu kabla Henry hajamaliza. Kimo hakikucheza hata futi kumi. Dokta alikuwa anafurahi kama mtu aliyeangukiwa na bahati, maana tofauti kati ya siku mbili hizo ndiyo ushahidi aliokuwa akiutafuta: tatizo ni vazi na joto, wala si rubani, na sasa wakubwa hawatawavisha watu mpira Agosti.

Mimi nilimtazama Fortunata. Alikuwa amesimama amejikumbatia, na kwa kila dakika iliyopita bila kosa alizidi kunyauka. Nilimwelewa. Mtu timamu kabisa, baridi kabisa, kichwa chake chote anacho, na hana la kumwambia. Nikajikuta naomba akosee. Mola wangu, akosee moja tu, aimbe hata ubeti mmoja! Akafika Hatta, akazunguka bwawa kwa upole, akarudi, akatua katikati ya duara.

"Makosa sifuri," Henry akatangaza, akapiga makofi peke yake.

Gerishom akatoka. Akamshukuru Dokta. Akamshukuru Henry. Akanishukuru mimi kwa maji ambayo nilikuwa bado nimeyashika. Akafika mbele ya Fortunata, akasimama.

"Dada Fortunata. Nimeskia unasafiri Jumapili."

"Ndiyo, Kapteni."

"Safari njema."

Akageuka. Alikuwa keshapiga hatua tatu, nami nilikuwa nimenyanyua trei nimrushie, Fortunata alipoita.

"Kapteni." Akaiachia mikono aliyojikumbatia. "Jumanne kuna jambo ulilisema mle ndani. Hulikumbuki, si kosa lako, dokta amenieleza. Nataka tu kukwambia lilinifurahisha. Sijawahi kufurahi vile. Basi, ni hilo."

Gerishom akageuka taratibu. "Nani alisema silikumbuki?"

"Wewe mwenyewe. Dokta alikuuliza."

"Aliniuliza makosa." Alimtazama kama anashindwa kuelewa ugumu uko wapi. "Nikamtajia makosa. Ile haikuwa makosa."

Dokta Mawadda, ambaye nilikuwa namtafsiria sikioni, alinishika bega akanifinya.

"Na mbona tangu siku ile huniangalii?" Fortunata akasema, na sasa machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta. "Siku mbili nzima! Nimefunga sanduku!"

"Niliuliza mbele ya watu, na sikujibiwa. Nikajua umekataa kwa heshima. Singetaka kukusumbua." Na paji lake la uso, ndani ya ubaridi wa nyuzi ishirini na mbili, likaanza kung'aa jasho. "Nilingoja ujibu, Fortunata. Ulikuwa unatoa kiatu."

"Nilijibu nikiwa navuta hicho kiatu!" Fortunata akapiga kelele. "Nilisema ndiyo! Nilisema mara nne! Nilikuwa nimekupa mgongo, na Joha alikuwa anakumwagia barafu masikioni!"